Harusi ya mdogo wangu nimepewa nipige picha, na picha za jirani bado sijazikabidhi

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 31, nimeolewa, tuna mtoto mmoja, tunaishi Tabata. Nauza kwenye duka la dawa. Kamera ni ya Jumamosi na Jumapili. Niliinunua Kariakoo miaka miwili iliyopita, mtumba, kwa pesa niliyopata tulipovunja kikoba. Ilikuja na lenzi moja, ile ya kawaida. Nilianza na watoto wa kipaimara, ubatizo na sherehe za kuzaliwa, na watu wakazipenda. Picha za mchana, watoto wamekaa barazani, mwanga unaingia ubavuni, hizo naziweza. Nasema hivyo bila kujisifu.

Mwaka jana mwezi wa kumi jirani yetu aliniomba nimpigie harusi ya binti yake. Mpiga picha wa kulipwa hawakumuweza, wakanipa Sh100,000 ya nauli na soda. Nikakubali siku hiyohiyo, tena kwa furaha. Kumbe sikujua nilichokubali.

Kanisani padri alikataza flashi wakati wa misa. Sikuwa nimeuliza kabla. Ndani kulikuwa na giza kiasi na lenzi yangu haifunguki sana, picha zikatoka zimetikisika. Walipofika kwenye pete, nusu ya kanisa ilisimama na simu. Nilipopata upenyo pete ilishakuwa kidoleni. Tukaenda kupiga za ufukweni, foleni ikamaliza jua lote, tukafika Coco Beach maharusi wanaonekana kama vivuli. Ukumbini taa zilikuwa za zambarau na kila uso ukawa zambarau. Gauni likitoka vizuri, sura za maharusi zinazama gizani. Nikizitoa sura, gauni linaungua lote linakuwa jeupe tupu, shanga hazionekani.

Hayo ningeyapokea kama shule. Kubwa ni hili. Usiku nimefika nyumbani, memori kadi ya kwanza ikagoma kusomeka. Ilikuwa na misa yote, na picha za familia nje ya kanisa. Kati ya hizo kulikuwa na ya bibi yake bibi harusi, aliyesafirishwa kutoka Singida, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wajukuu zake wote. Niliipanga mwenyewe ile picha, nikamwekea kitenge chake vizuri magotini. Kompyuta ilinitaka nifomati ile kadi, yaani niifute yote ianze upya. Niliogopa, nikaichomoa, nikaifungia kwenye kichupa cha vidonge, na kichupa kiko kabatini mpaka leo.

Sijawaambia. Niliwapa picha chache za ukumbini, nikasema nyingine bado nazifanyia kazi. Sasa ni mwezi wa nne tangu harusi ile. Nikimwona mama yake mbele yangu, napita uchochoro mwingine. Wiki mbili zilizopita bibi harusi alikuja dukani kuchukua vidonge vya damu, ana mimba sasa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, zile za bibi vipi? Anaziulizia." Nikamjibu wiki ijayo.

Sasa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaolewa baada ya wiki tisa. Kwenye kikao cha tatu cha kamati mhazini alisoma bajeti: picha na video Sh1.8 milioni. Watu wakaguna. Mama mdogo akasimama, akasema, "Picha tunaye mwanetu, ana kamera. Huo ndio mchango wake." Wakapiga makofi, katibu akaandika. Mimi sikuwa nimeulizwa. Nikatabasamu kama wengine.

Mume wangu anasema nikatae, "utatuletea aibu." Naona hapendi niendelee na kamera. Mama yangu anasema nikikataa nitakuwa nimemvua nguo mdogo wake mbele ya watu, na ni kweli kwamba mama mdogo ndiye aliyenikalisha kwake Mbagala nikasoma kidato cha tano na cha sita. Nami ukiniuliza usiku, ninataka kuipiga harusi hiyo. Nataka siku moja niondoke dukani niishi kwa kamera. Lakini nikifumba macho namwona yule bibi.

Sare wameshapimwa wote. Mama mdogo amesema mimi nitakuwa kazini, sare ya nini.

Nifanyeje, Shangazi?

Mpiga Picha wa Jumamosi, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kuandika kwa kirefu, maana barua fupi ningeijibu vibaya.

Umeniuliza swali moja, nipige au nisipige. Nikiisoma barua yako naona mambo matatu umeyafunga kwenye fundo moja, na ndiyo sababu halifunguki. Kuna deni la jirani. Kuna ahadi iliyotolewa kwa niaba yako na mtu mwingine mbele ya kikao. Na kuna hamu yako mwenyewe, ambayo umeitaja kwa kujificha, "ukiniuliza usiku," kana kwamba mchana ni kosa kuitaka. Tuyaangalie moja moja, nami nianzie kwa jirani kwa sababu ndiko moyo wako uliko.

Unajiona ndiwe uliyepoteza picha za bibi. Hapo nakupinga kidogo. Kadi iligoma, na kadi humgomea hata anayelipwa mamilioni. Kilicho chako ni miezi minne ya "bado nazifanyia kazi." Hayo ni makosa mawili yenye uzito tofauti, na wewe umeyabeba kama gunia moja. La kwanza halikuwa mikononi mwako. La pili bado unaweza kulimaliza wiki hii.

Mimi si fundi wa kamera. Kabla ya kukujibu nilikaa na mtu aliyepiga harusi za mji huu kwa miaka mingi, nikamsomea barua yako bila kukutaja. Alipofika kwenye kichupa cha vidonge alinyanyua mkono. Akasema, "Huyo dada bila kujua amefanya jambo la maana kuliko yote." Kadi ikigoma namna hiyo, akanieleza, mara nyingi kilichovurugika ni ile orodha inayoiambia kompyuta picha ziko wapi, na picha zenyewe bado zimo. Hupotea kabisa pale mtu anapoendelea kuitumia kadi na kuandika vingine juu yake. Zipo programu za kuokoa picha za namna hiyo, na wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo. Inawezekana wakatoa zote, wakatoa nusu, au wasitoe kitu, kwa hiyo usiende kwa jirani ukiwa na ahadi mpya mkononi. Ila miezi minne umeishi kama mtu aliyefiwa, kumbe hata hospitali hujafika.

Halafu zile simu zilizokuzibia pete. Kila aliyesimama mbele yako alikuwa anapiga kitu. Picha ya bibi harusi akivishwa pete ipo Tabata, ipo Kimara, ipo kwenye simu ya shangazi yake bwana harusi. Vivyo hivyo yule bibi. Mzee aliyetoka Singida hakai kwenye kiti wajukuu wote wakamzunguka, asipatikane hata mmoja aliyeinua simu. Umeomba hizo? Huwezi kuziomba bila kusema kwa nini, najua, na hapo ndipo penye kazi. Utakapoomba, waambie wasizitume WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu inazibana zinapoteza ubora. Wazitume kama hati, au uwafuate uzihamishe moja kwa moja kutoka kwenye simu.

Kumwambia bibi harusi kutauma. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, mama yake anaweza kuacha kununua dawa kwako kwa muda. Anaweza pia kudai ile laki moja, na ukiirudisha hutakuwa umeonewa. Kutosema nako kuna bei yake. Bibi yuko Singida anasubiri, ni mzee, na wewe unajua, kwa kuwa umekaa kaunta ya dawa, jinsi wazee wanavyoondoka bila kuaga. Leo akisikia kwamba picha imepotea, wajukuu wanaweza kwenda kumpiga nyingine. Kila wiki unayoiongeza inawapunguzia nafasi hiyo. Siku ya kwenda kwao utachagua mwenyewe, ila mwanangu, usimwambie akiwa kaunta na wateja wamesimama nyuma yake. Nenda nyumbani, ukae.

Sasa mama mdogo. Umesema "sikuwa nimeulizwa," na una haki ya kuumia. Lakini sijui kama aliyesimama pale alikuwa anabana pesa tu. Huyu ndiye aliyekulaza kwake miaka miwili ukasoma. Huenda alikuwa anajivuna kwa ajili yako mbele ya wakwe, "mwanetu ana kamera," kama mwingine angesema mwanetu ni daktari. Huenda yote mawili. Hujamuuliza. Wala yeye hajui habari ya kadi, kwa hiyo unamlaumu kwa kukutwika mzigo ambao uzito wake umemficha.

Kuna jambo jingine ambalo kikao hakikuliona, nami nimekaa kwenye kamati za harusi nyingi kiasi cha kujua makofi yanavyofunika hesabu. Bajeti ilisoma picha na video. Wewe una kamera moja na mikono miwili. Video nani anachukua? Kama watakodi watu wa video hata hivyo, wengi wao huja na mpiga picha wao na bei huwa ya pamoja, basi kilichookolewa siku ile ni kidogo kuliko walivyodhani. Swali hilo moja tu, likiulizwa kwa utulivu kwa mwenyekiti, linaweza kukufungulia mlango bila wewe kukataa chochote. Mfuate mwenyekiti nyumbani kwake au kazini. Usiliandike kwenye kundi la WhatsApp la kamati, ambako kila mtu atalisoma kwa sauti yake.

Kuhusu mume wako nitasema kidogo, kwa sababu simjui. Umeandika maneno yake: "utatuletea aibu." Hakusema utajiletea. Amejiweka ndani ya hiyo aibu pamoja nawe. Inawezekana kweli haipendi kamera. Inawezekana pia ndiye aliyekuwepo usiku ule kadi ilipogoma, akakuona ulivyokuwa, na hataki kukuona hivyo tena. Muulize ni lipi.

Twende kwenye njia zenyewe.

Unaweza kuipiga harusi yote. Wiki tisa si haba. Nenda kanisani Jumamosi kabla, saa ileile ya misa ya ndoa, uone mwanga unaingia wapi. Muulize paroko au katekista mwenyewe kuhusu flashi na mahali unaporuhusiwa kusimama. Muombe padri au mshereheshaji aseme neno moja, watu wabaki wamekaa wakati wa pete. Wakiombwa na mwenye kipaza sauti wengi hutii. Yule mtaalamu wangu alisisitiza lenzi. Hiyo yako ukiivuta mwisho kwa kawaida inafunguka f/5.6 (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ndogo ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ndiyo lenzi ya bei nafuu kwa kampuni nyingi, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Unaweza kuazima au kukodi kabla ya kununua. Zile sura na gauni, alisema, kamera ikiona jeupe jingi inadhani kuna mwanga mwingi, inatia giza, na sura zetu nyeusi ndizo zinazoumia kwanza. Upige RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaibana kuwa JPEG ya kawaida, gauni ulilinde lisiungue, kisha sura uzipandishe kwenye kompyuta. RAW inabeba undani ambao JPEG inautupa. Taa za zambarau zungumza na mpambaji na mtu wa muziki: dakika kumi za taa nyeupe wakati wa kuingia na wakati wa keki hazitawagharimu kitu. Na jua la Dar haliongezi muda kwa ajili ya mtu. Mwaka mzima linazama saa 12 na kitu jioni, na likishazama giza linaingia upesi. Ndoa ikiisha saa 10, kuvuka mji kwenda ufukweni siku ya Jumamosi ni kulichezea. Tafuta ukuta mzuri au mti mkubwa karibu na kanisa.

Na kadi, mwanangu. Usiweke siku nzima kwenye moja. Igawe kwenye nne au tano ndogo, na watu wakila, wewe hamishia kwenye kompyuta.

Ukifanya yote hayo bado hatari ipo. Kamera moja ikizima kanisani, umeishiwa. Na likitokea baya hapa hutaweza kupita uchochoro mwingine, maana hawa utazikana nao.

Unaweza kuwa wa pili. Kamati ikodi mtu, hata wa bei ya kati, abebe kanisa na ukumbi. Wewe upige asubuhi nyumbani na saluni, sendofu, na kicheni pati. Hapo nina jambo la kukuambia ambalo sidhani umelipima. Wewe ni mwanamke mwenye kamera. Mji huu una sherehe nyingi za wanawake watupu ambazo mpiga picha wa kiume hukaa nje ya geti, kuanzia kicheni pati mpaka shughuli za ndugu zetu Waislamu ambako wanawake wanavua mitandio wakijua wako peke yao. Wanatafuta mtu wa kumwamini, na picha zile hazitakiwi kuonekana popote nje ya mikono yao. Unasema unataka siku moja kuishi kwa kamera. Umekuwa ukiutazama mlango wa kanisa kama ndio pekee. Hatari ya njia hii ni kwamba bajeti inarudi mezani, na mama mdogo atahitaji kuelezwa kabla ya kikao ili neno lake lisianguke mbele ya watu.

Au ukatae, utoe mchango wa fedha kama wajumbe wengine, na ukae kwenye meza ya familia. Mama yako ataumia kwa muda. Nawe unaweza kukaa pale ukimtazama mpiga picha mwingine usiku kucha, kila anapokosea kona ukaikosa harusi hata hivyo. Unajijua zaidi yangu.

Lipi kati ya hayo, sikuchagulii. Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako nimerudi kuisoma mara nyingi. Uliiandika mwishoni, fupi, kisha ukaniuliza ufanyeje. Sare wamepimwa wote, wewe utakuwa kazini. Mambo mengine yote umeyaeleza kwa mistari na mistari. Hili umeliacha hivyohivyo. Nadhani linakuuma kuliko taa za zambarau. Dada wa bibi harusi, uliyelala chumba kimoja naye Mbagala, siku yake kuu unahesabiwa pamoja na vyombo. Mpiga picha hayumo kwenye picha. Familia itakapoitwa kukata keki, nani atashika kamera? Je, umewahi kumuuliza mdogo wako mwenyewe, siyo mama yake wala kamati, anataka siku hiyo umpige picha, au anataka usimame naye? Katika barua nzima watu wote wamesema, isipokuwa yeye.

Mpigie simu. Na hata kabla hajajibu, pita kwa fundi akupime. Kitenge hakijakatwa bado, na sare haimzuii mtu kushika kamera.